Kopo la Mikwaruzo Tisa

Orpha Stensrud alikuwa amewafundisha watu wasiopungua mia mbili jinsi ya kurudisha maganda ya risasi zilizopigwa katika umbo lake ili yajazwe tena, na katika hao mia mbili aliowaona wana akili ni watatu. Mmoja alishakufa. Wa pili alihamia Nebraska. Wa tatu alikuwa binti yake mwenyewe, Leanne, ambaye pamoja na akili zote alizojaliwa alikwenda Denver, akakutana na mwanaume anayeuza programu za kompyuta kwa madaktari wa meno, akaolewa naye.

Mwanaume huyo aliitwa Brantley. Walipohamia Stovall mwaka wa tatu wa ndoa yao, mtaa wa pili kutoka kwa Orpha, mji mzima ulimwona akishusha mizigo amevaa viatu vya kuwindia ambavyo havijawahi kukanyaga hata tope la uani. Orpha alisimama barazani kwake, mikono kifuani, akavihesabu vifuko vya kizibao cha mkwe wake. Vilikuwa kumi na vinne. "Anaweka nini humo kote?" alimuuliza jirani. "Maana kichwani hamna kitu."

Orpha na marehemu mumewe, Merle, walikuwa wamejaza risasi zao wenyewe kwa miaka thelathini na nane, katika kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Merle alipofariki watu wa klabu ya shabaha walimwomba Orpha aendelee kuwafundisha wanaoanza, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na yeye akakubali kwa sababu hakumwona mwingine wa kuaminiwa na baruti. Walikuja walimu wa shule, wafugaji, waliokuja juzi kutoka California, na wote aliwakaribisha kwa namna ileile.

"Ganda likishapigwa linatanuka," alikuwa akiwaambia, ameliinua baina ya vidole viwili. "Ni kama matumbo yenu siku ya bata mzinga, ile Sikukuu ya Shukrani. Mmekula, mmevimba, suruali haifungi. Sasa kalibu hii ya chuma ndiyo itakayolibana ganda lirudi lilivyokuwa, liingie tena kwenye bunduki. Lakini hulisukumi kavu kavu. Unalipaka mafuta. Kidogo. Ukisahau mafuta, linanasa. Ukizidisha mafuta, linabonyea begani, hapa linapoanza kukonda. Na kalibu ukiishusha kupita kiasi unalisukuma bega chini mno, ganda linakuwa fupi, na likipigwa linavutika mpaka linakatika. Kuna asiyeelewa? Asiyeelewa akanunue risasi dukani, aache vidole vyake salama."

Kila mara alikuwapo mmoja aliyeinua mkono. Orpha alimtazama mpaka akaushusha.

Basi ikawa mwanzoni mwa Oktoba, wiki mbili kabla ya msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, Brantley akapata wazo. Alitaka kumtengenezea mkewe risasi za msimu kwa mikono yake mwenyewe, iwe zawadi. Leanne angewinda kwa bunduki ya baba yake, ile ya Merle, kama alivyofanya tangu ana miaka kumi na minne. Brantley akaomba ruhusa ya kutumia kibanda, na Jumamosi asubuhi akafika amebeba sanduku jipya, amevaa aproni iliyotarizwa jina lake kwa uzi mwekundu na miwani ya kinga mikubwa iliyomfunika nusu ya uso.

"Unakwenda kupiga mbizi?" Orpha alimuuliza mlangoni.

"Usalama kwanza, Mama." Akatabasamu. "Nimemnunulia na Leanne ya kwake."

"Baba yake alipiga bunduki miaka sitini bila kuvaa dirisha usoni."

"Najua, Mama. Leanne naye kanicheka."

Orpha akamimina kahawa, akavuta kigoda, akaketi pembeni mahali ambapo angeona kila kitu. "Haya. Unataka nikuelekeze?"

"Usijisumbue, Mama, wewe pumzika tu. Nimeangalia video zote za jamaa mmoja. Ana wafuasi laki nne."

"Laki nne," Orpha alisema, akapuliza kahawa yake. "Yesu alianza na kumi na wawili."

Brantley akacheka kwa moyo mkunjufu, kama mtu aliyetaniwa na shangazi anayempenda, na hilo lilimuudhi Orpha kuliko kitu kingine chochote kuhusu mtu huyu. Hakuwa anachomeka. Ungemchoma kwa neno kali, yeye anakushukuru.

Alipanga maganda yake mezani, yale aliyoyaokota Leanne msimu uliopita, akayanyunyizia mafuta ya kopo kutoka mbali, pss, mara moja, kama mtu anayempulizia manukato mwanamke asiyemfahamu. Hakuyageuza. Hakuyagusa kwa kidole. Orpha alijua litakalotokea kama ajuavyo kengele ya kanisa itakavyolia saa nne. Akanywa kahawa.

Ganda la kwanza liliingia kalibuni likatoka. La pili likalia kidogo. La tatu likalia zaidi, na Brantley akasema, "Ah, linaimba." La nne liliingia mpaka mwisho, likakataa kutoka. Akavuta mpini wa mashine. Akasimama akavuta. Akaweka mguu mmoja mezani akavuta kwa mwili mzima, shingo imemtoka mishipa, na mashine ikang'oa ukingo wa ganda kwa mlio wa kukata. Brantley akarudi nyuma hatua tatu akakaa juu ya ndoo.

Orpha aliweka kikombe chini.

"Laki nne," Orpha alisema taratibu.

"Limenasa, Mama."

"Limenasa? Nilidhani limepanga chumba."

Akainuka. Alifungua kalibu, akaifunga kwenye jiliwa, akatoboa tako la ganda kwa drili, akalikata hesi, mifereji ya skrubu, kwa ndani, akaingiza skrubu ndefu yenye kipete cha washa, akaanza kukaza kidogo kidogo. Brantley alisimama karibu mno, akipumua. Ilichukua nusu saa. Ganda lilipochomoka, Orpha alimwekea kiganjani.

"Kumtoa Leanne ilikuwa kazi nyepesi kuliko hii," alisema. "Na yeye alitanguliza miguu."

"Asante, Mama. Kweli, asante sana. Ningekuwa peke yangu ningeharibu kila kitu."

"Usikate tamaa, bado hujamaliza."

Baada ya hapo Brantley alichovya maganda mafuta kama mtu anayekaanga kuku. Orpha alimwona, akanyamaza. Mabega ya maganda yakaanza kutoka na vishimo, moja baada ya jingine, na yeye akawa anayainua kwenye mwanga na kuyatenga upande, uso umemshuka, mpaka katika maganda hamsini yakabaki kumi na moja yanayofaa. Akazunguka macho kibandani kutafuta mengine. Akainama kwenye rafu ya chini, akavuta kopo la kahawa lililojaa maganda.

Merle alikuwa na desturi yake. Kila mara maganda ya kopo yalipopigwa, alikwaruza mstari mmoja wa kisu ubavuni mwa kopo. Mistari minane, tisa, ndiyo mwisho. Makopo ya rafu ya chini yalikuwa ya vikongwe, yakisubiri kupelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na hili alilovuta Brantley lilikuwa na mikwaruzo tisa. Shaba ya ganda lililopigwa mara tisa imechoka. Ndani kabisa, karibu na tako, inakuwa imekonda pete nzima, na kwa nje huoni kitu.

Orpha aliliona kopo. Aliihesabu mikwaruzo kutoka pale alipoketi.

Kisha akamwona Brantley akiinama juu ya mashine, akaizungusha kalibu kwenda chini, na baada ya kugusa chini akaizungusha tena mzunguko mzima. Bila shaka video ilisema robo. Au yeye alisikia vibaya, au alifikiri kama robo ni nzuri basi nzima ni nzuri zaidi. Mzunguko mzima. Kila ganda lingetoka limesukumwa bega chini mno, fupi kuliko chemba ya bunduki, mle inamokaa risasi. Maganda yaliyochoka, na juu yake nafasi ya kuvutika.

Orpha alifungua mdomo.

"Mama," Brantley alisema bila kugeuka, "siku ukitaka nikuonyeshe hizi njia za kisasa, niambie tu. Usione aibu. Nitakuelekeza polepole."

Alisema kwa wema, na Orpha alijua hivyo. Akaufumba mdomo.

Akamtazama kisogo, ile aproni iliyofungwa fundo la kipepeo, na akapata wazo lililompasha joto kuliko kahawa. Mwache amalize. Mwache aweke fataki za kuwashia, ajaze baruti, apange risasi zake hamsini kwenye kisanduku kizuri. Kesho Jumapili watakuja kula. Baada ya pai, yeye atalileta kopo mezani, mbele ya Leanne, amuulize, "Hebu mweleze mkeo hii mistari ni ya nini." Kisha atamfanya azifungue zote hamsini, moja baada ya moja. Alikuwa ameshaionja ladha yake.

"Mimi nakwenda kanisani," alisema. "Kuna chakula cha kumuaga mchungaji. Ukimaliza funga mlango."

"Sawa, Mama. Niachie mimi."

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa mvuke wa maharage ya nyama na harufu ya maandazi ya mdalasini. Orpha alishika upawa, na kando yake alikuwa Gudrun Makela, mjane mwenzake, akigawa maandazi. Orpha akaanza kusimulia. Alisimulia miwani ya kupigia mbizi. Alisimulia mguu juu ya meza na ndoo. Gudrun alicheka mpaka akaweka koleo chini ajifute macho, na waliokuwa kwenye foleni wakasogea wasikie, na Orpha akalirudia la laki nne kwa faida ya waliochelewa.

"Sasa hivi anajaza vikongwe vya Merle," alisema. "Kesho nitamvua nguo mezani."

"Lo, maskini." Gudrun akaokota koleo. "Basi ndizo zile risasi walizokwenda kujaribu? Nimempita Leanne nikija. Alikuwa na mumewe kwenye pikapu, wameshika njia ya uwanja wa shabaha."

Orpha akauacha upawa ndani ya sufuria.

Hakumbuki alivyofika kwenye gari. Anakumbuka kwamba hakuvua aproni, na kwamba simu ya Leanne iliita mpaka ikakatika, maana huko bondeni mtandao hakuna. Maili kumi na moja za kokoto. Aliziendesha kwa mwendo ambao angemtukana mtu mwingine kwa kuuendesha, akijiambia kwamba Brantley hawezi kumaliza hamsini kwa asubuhi moja, mtu mzito vile, hawezi hata kufunga kamba ya kiatu kabla ya mchana. Kisha akakumbuka kwamba hazikuhitajika hamsini. Moja ingetosha.

Alipozima injini uwanja ulikuwa kimya. Leanne alikuwa ameketi kwenye benchi la kupigia, kichwa amekiinua nyuma, na Brantley amepiga magoti mbele yake akimmiminia maji ya chupa usoni. Bunduki ya Merle ililala mezani, komeo wazi, moshi wa kijivu bado unaitoka. Kwa mkono mwingine Brantley alimshika mkewe kidevu.

Shavu la kulia la Leanne lilikuwa limejaa nukta za damu, kama mtu aliyepigwa na mchanga wa moto, na moja ilikuwa juu kidogo ya nyusi. Mezani ilikaa miwani yake ya kinga, ile aliyonunuliwa na mumewe. Kioo cha kulia kilikuwa kimekwaruzika chote, cheupe kama barafu.

"Ni ya tatu tu," Brantley alisema alipomwona Orpha. "Mbili zilikwenda sawa, Mama. Ya tatu ikatoa kishindo cha ajabu, moshi ukarudi nyuma. Sijui nimekosea wapi. Hakutaka kuvaa miwani, nikamwomba. Nilimwomba sana."

Leanne alijifuta kwa mkono wa shati. Alilichukua lile tako la ganda lililotoka na komeo, kipande kifupi kama kifuniko cha chupa, akalitazama lilipokatika. Pete nzima, safi, kama limekatwa kwa msumeno. Nusu nyingine ilikuwa imebaki ndani ya chemba. Alikuwa binti wa Merle, hakuhitaji kuelezwa.

"Maganda umeyatoa wapi, Brantley?"

"Yako kumi na moja. Mengine nimeyatoa kibandani, kwenye kopo."

"Kopo gani?"

"La rafu ya chini."

"Lilikuwa na mistari?"

"Lilikuwa limekwaruzika, ndiyo. Nilidhani ni ukongwe tu." Akafikiri. "Mama alikuwapo. Alikuwa anakunywa kahawa."

Leanne alimgeukia mama yake. Jicho moja lilikuwa jekundu.

"Uliliona kopo?"

Orpha alikuwa na maneno elfu kwa kila mjinga wa kaunti ile. Akayatafuta. "Niliona."

"Na kalibu, aliposhusha?"

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka kesho, baada ya chakula... Sikujua mtakuja leo. Mungu wangu, Leanne, sikujua."

"Usimlaumu Mama," Brantley alisema. "Mimi ndiye niliyekataa kuelekezwa. Alitaka kunielekeza, nikamwambia..."

"Nyamaza, Brantley. Wewe hujui, na asiyejua anafundishwa. Mimi nazungumza na anayejua." Hakupaza sauti. "Umekuwa ukimcheka mume wangu tangu siku ya kwanza. Nikasema, ndivyo alivyo, mdomo tu, atachoka. Kumbe unaweza kumwona mtu anakwenda kuumia, ukaketi kwenye kigoda ukanywa kahawa, kwa sababu utapata la kusimulia. Ulisimulia? Kule kanisani?"

Orpha akainamisha macho. Aproni yake ilikuwa na doa la maharage, na alilitazama.

"Alisimulia," Leanne alimwambia mumewe. "Twende."

Zahanati ya mjini ilimtoa chembe kumi na sita za shaba. Daktari alisema bila kile kioo nyingine zingekutana na jicho. Orpha aliyapata hayo kutoka kwa Gudrun, aliyeyapata kwa muuguzi, maana Leanne hakumpigia simu, na yeye alipopiga alijibiwa na Brantley kwa upole kwamba Leanne amelala, Mama, nitamwambia. Jumapili Orpha alikata pai vipande vitatu, akakaa mbele yake.

Alijaribu kumchukia Brantley kwa hilo, ikashindikana, akabaki na dharau tu, na hata dharau hiyo haikujua tena ikae wapi. Mtu bado alikuwa mzembe wa mikono. Bado alikuwa na vifuko kumi na vinne. Usiku hakulala vizuri, akawa anamwona amepiga magoti kwenye kokoto na ile chupa, na kidevu cha Leanne kimelala kiganjani mwake kana kwamba hapo ndipo mahali pake.

Msimu ulifunguliwa. Leanne alipanda milimani na risasi za dukani, akarudi na elki jike mnene. Siku ya nne Brantley alikuja mlangoni kwa Orpha na sanduku la nyama iliyofungwa karatasi nyeupe. Leanne ndiye aliyeandika majina ya vipande. Orpha aliutambua mwandiko.

"Kasema nikuletee."

"Kasema nini kingine?"

"Hakusema kingine, Mama." Akasimama, kofia mpya ya kuwindia kichwani, akibadili uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine. "Nilitaka kukuomba kitu. Nifundishe. Tangu mwanzo. Kama unavyowafundisha wale wa Jumamosi."

Orpha aliitazama ile kofia. Jibu lilikuja lenyewe hadi kwenye meno, zuri, lenye makali pande zote mbili. Akalimeza. Likashuka kwa shida.

"Weka nyama kwenye friza," alisema. "Halafu njoo kibandani. Hiyo kofia iache."

Wakaanza na maganda yaliyochoka. Orpha alinyoosha kibanio cha karatasi, akakipinda ncha kama ndoana, akamwonyesha namna ya kukiingiza kwenye ganda na kukikwaruza taratibu kwa ndani kutoka chini kwenda juu. Brantley alikwaruza bila kusikia kitu. Akakwaruza tena. Orpha alihesabu moyoni mpaka thelathini ili asiseme.

"Hapa," Brantley alisema ghafla. "Hapa kuna kama mfereji. Kibanio kinadumbukia."

"Huo."

"Ndio uliomuumiza?"

"Mfereji haukumuumiza. Nilikuwa nimekaa pale." Akaonyesha kigoda kwa kidevu. "Chukua jingine."

Alikuja tena kesho yake, na wiki iliyofuata mara mbili. Alikuwa mgumu wa kujifunza kama Orpha alivyotarajia. Alipaka mafuta shingoni mwa ganda mahali pasipotakiwa, alisahau kupima, aliuliza swali moja mara tatu, na Orpha hakugundua kwamba amejifunza mpaka siku moja, katikati ya Novemba, alipomkuta ameshusha kalibu kidogo kidogo, anabana ganda, anapima, anaandika, anashusha unywele mwingine, bila kuambiwa.

Siku hiyohiyo pikapu ya Leanne ilisimama nje. Aliingia kibandani bila kuvua koti, theluji mabegani. Makovu ya shavuni yalikuwa yamebaki madogo, ya rangi ya waridi.

"Kwa hiyo hapa ndipo anapokuja," alisema. "Mimi naambiwa anakwenda maktaba."

"Nilikuwa nitakwambia," Brantley alisema.

Leanne alisogea hadi kwenye mashine. Alichukua ganda mezani, akachukua kipimo, akalipima begani, akalirudisha. Akachukua la pili. Orpha alisimama kando ya jiko, mikono ndani ya mifuko ya sweta, akiona aibu kama mwanafunzi wa Jumamosi aliyeinua mkono.

"Haya maganda kayafanya nani?"

"Yeye," Orpha alisema. "Sikuyagusa."

Leanne akalipima la tatu. "Yamekaa sawa."

"Yamekaa sawa," Orpha alikubali. "Mwendo wake ni wa konokono, lakini..." Akasita. "Yamekaa sawa."

Binti yake alimtazama, na macho hayo hayakuwa yamesamehe. Kisha akaokota koti la mumewe kutoka kwenye ndoano akamrushia.

"Siku ya bata mzinga tutakula kwetu," alimwambia mama yake. "Brantley ndiye anayepika. Saa saba. Usije na neno lolote mdomoni isipokuwa la kuomba chumvi."

"Anajua kupika?"

Leanne akageuka mlangoni, akangoja jibu jingine.

"Nitakuja," Orpha alisema.